Mteja akitaka mti ukatwe kilele, fundi afanye nini?

KILA msimu wa mvua ndefu unapokaribia, sauti ya msumeno wa petroli huanza kusikika katika mitaa ya jiji la Nakuru, kuanzia Milimani na Section 58 hadi Kiamunyi na Lanet. Wenye nyumba hutazama mijakaranda na mikaratusi iliyopandwa na waliowatangulia, wakaingiwa na hofu ya upepo.

Fundi huitwa. Mwenye nyumba humwonyesha mti kwa kidole na kutoa agizo fupi: “Nikatie huu nusu.” Fundi hupanda, hukata, hulipwa na kwenda zake. Mti hubaki umesimama mithili ya nguzo, nacho kivuli kilichofunika ua mzima hutoweka kwa siku moja.

Mwenye nyumba hulala akiamini amejikinga. Ukweli ni kwamba huenda amenunua hatari ambayo hakuwa nayo, na hatari hiyo itajitokeza baada ya miaka kadhaa, wakati ambapo fundi aliyeifanya kazi hajulikani aliko.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili ya kazi. Iwapo fundi anajua kwamba agizo la mteja litauharibu mti na pengine kuhatarisha maisha ya watu, je, ajitetee kwa kusema kwamba alifanya alichoambiwa?

Kukata kilele na kupogoa ni mambo mawili

Kwanza ni vyema kutofautisha maneno. Kupogoa ni kuondoa matawi yaliyochaguliwa kwa sababu maalumu: yaliyokauka, yanayosuguana, yaliyoinamia paa au yanayozuia njia. Fundi hukata pale tawi linapoungana na tawi jingine au na shina, na umbo la mti hubaki.

Kukata kilele ni kuufyeka mti wote kwa kimo kimoja bila kujali tawi linaanzia wapi. Shina na matawi manene hukatwa katikati na kuachwa kama visiki vilivyoning’inia hewani. Lengo huwa kimo, wala si afya ya mti.

Kuna desturi ya tatu ambayo wakulima wa Bahati na Subukia wanaifahamu vyema. Mgrivea uliopandwa kando ya shamba hupunguzwa matawi na pengine kilele kila baada ya miaka kadhaa, ili mkulima apate kuni na fito, nayo mimea iliyo chini ipate mwanga. Utaratibu huo una historia ndefu na manufaa yake hayapingiki.

Hata hivyo, mgrivea wa shambani huanza kupunguzwa ungali mchanga, na mwenyewe hurudia kazi hiyo mara kwa mara. Isitoshe, chini yake kuna mahindi, si chumba cha kulala watoto. Mjakaranda wa miaka 50 uliokatwa kichwa kwa mara ya kwanza kando ya barabara ni jambo tofauti kabisa.

Yanayotokea ndani ya mti

Majani ndiyo jiko la mti. Humo ndimo chakula kinachoilisha mizizi, shina na matawi hutengenezwa kwa nguvu za jua. Mti ukinyang’anywa majani yake yote au sehemu yake kubwa kwa siku moja, hulazimika kutumia akiba iliyohifadhiwa kwenye mbao na mizizi ili kuchipua upya. Ndiyo sababu wataalamu wengi hushauri kwamba mti uliokomaa usiondolewe zaidi ya robo ya majani yake kwa wakati mmoja.

Akiba hiyo inapotumika, machipukizi mengi huzuka chini ya sehemu zilizokatwa. Mjakaranda na mkaratusi ni hodari katika jambo hili. Machipukizi hupanda juu yakiwa yamenyooka, na baada ya misimu michache mti huwa umekaribia kimo kile kile kilichomtisha mwenye nyumba.

Tofauti ni kwamba matawi haya mapya si sawa na yale ya awali. Tawi la asili hukua pamoja na shina, na mbao zake husukana na mbao za shina mwaka baada ya mwaka. Chipukizi la baada ya kukatwa hujishikiza kwenye tabaka za nje tu, karibu na gome. Linapokuwa zito, upepo mkali huweza kulichopoa kwa urahisi.

Wakati huo huo, kisiki kilichoachwa wazi huanza kuoza. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefanya kazi katika Idara ya Misitu ya nchi hiyo, alipasua maelfu ya miti ili kuchunguza jinsi inavyokabiliana na majeraha. Mnamo 1977 alichapisha maelezo ya namna mti unavyojenga kuta ndani yake ili kuzuia uozo usienee.

Funzo kubwa la Shigo ni kwamba mti hauponi kama mwili wa binadamu unavyopona. Mti hauwezi kuondoa sehemu iliyoharibika na kuweka nyingine mahali pake. Huitenga sehemu hiyo, kisha huendelea kukua kandokando yake. Jeraha lililo pale tawi linapoungana na shina, kwenye ule ukingo uliovimba kidogo, huzibwa kwa urahisi zaidi. Jeraha pana lililo katikati ya tawi nene aghalabu halizibiki, na kuvu huingia.

Kwa hivyo baada ya miaka kadhaa mwenye nyumba hujikuta na matawi mapya, mazito na marefu, yaliyojishikiza juu ya mbao zinazooza. Mti aliouogopa bure sasa una sababu ya kuogopwa.

Msaipresi nao una masaibu yake. Tofauti na mjakaranda, hauchipui kutoka kwenye mbao kuukuu zisizo na majani. Fundi akiukata chini ya sehemu ya kijani, hapana kitakachoota tena, na mti huweza kukauka wote ukiwa umesimama.

Hofu ya mteja si upuzi

Itakuwa makosa kumdharau mwenye nyumba. Aliyeshuhudia dhoruba za mvua za Machi hadi Mei 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini mtu aliye chini ya paa la mabati huutazama mkaratusi mrefu kwa wasiwasi.

Wapo pia wenye sababu nyinginezo. Maua ya mjakaranda huziba mifereji ya paa na kuchafua maji ya tangi. Matawi hufunika paneli za sola. Majirani hulalamika kuhusu majani yanayoangukia upande wao. Baadhi ya wakazi huhofia kwamba wezi watatumia matawi kuruka ua.

Haya yote ni malalamiko halali. Suala si kama mteja ana tatizo, bali ni kama dawa anayoiagiza ndiyo inayoliponya. Mgonjwa ana haki ya kumweleza daktari panapomuuma, lakini hilo halimfanyi kuwa mtaalamu wa kuchagua dawa na kipimo chake.

Hoja tatu za kujitetea

Mafundi wanaokubali kukata vilele hutoa hoja tatu, na kila moja inastahili kujibiwa kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba mti ni mali ya mteja, na mwenye mali ndiye mwenye kauli. Hoja hii ina uzito. Lakini anayechagua bila kujua matokeo hajachagua kwa hakika. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na haki ya kulindwa usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi.

Kifungu hicho hakimbagui anayeuza huduma yake akiwa na ofisi ghorofani na yule mwenye kamba na msumeno begani. Fundi anayejua kwamba machipukizi yatakuwa dhaifu, akanyamaza ili asipoteze kazi, amemnyima mteja kitu alichostahili kupewa.

Isitoshe, mti una watu wengine wasiokuwepo wakati wa mapatano. Kuna mpangaji atakayehamia mwaka ujao, mtoto anayepita akielekea shuleni, na mwenye kibanda cha mboga nje ya lango. Mwenye mali anaweza kukubali kubeba hatari yake mwenyewe, lakini hana mamlaka ya kuikubali kwa niaba yao.

Hoja ya pili ni kwamba fundi ana watoto wa kulisha. Hili nalo si jambo la kubezwa. Kazi ya kukata miti ni ya msimu, na anayeikataa leo huenda asipate nyingine kwa wiki nzima. Ni rahisi kwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kuhubiri maadili kwa mwenzake anayetegemea kibarua cha kila siku.

Jibu ni kwamba mara nyingi si lazima kazi ikataliwe. Mteja anataka tatizo liishe, na kuna njia halali za kulimaliza ambazo pia hulipwa. Kupunguza matawi kwa ustadi huchukua muda mrefu zaidi kuliko kufyeka kilele, na fundi ana haki ya kutoza zaidi. Anayeweza kueleza kwa nini bei yake ni ya juu anajijengea jina, na wateja wake watamwita tena.

Hoja ya tatu ndiyo maarufu kuliko zote: “Nisipokata mimi, mwingine atakata.” Huenda ni kweli. Lakini hoja hii ikikubaliwa, hapana kazi yoyote ambayo haitahalalishwa. Fundi wa gari angefunga breki mbovu, na muuza dawa angemuuzia mtu yeyote chochote, kwa kisingizio kwamba duka la pili halitauliza maswali. Swali la maadili halihusu atakachofanya mwingine. Linahusu mkono ulioshika msumeno.

Kuni zinapokuwa sehemu ya malipo

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi sana, nalo ni malipo ya kuni na mbao. Mara nyingi fundi na mwenye nyumba huafikiana kwamba pesa zipunguzwe, na magogo yachukuliwe na fundi ayauze.

Mapatano hayo si haramu, na kwa mteja asiye na fedha ni nafuu kubwa. Walakini yanazua mgongano wa maslahi. Kadiri fundi anavyokata zaidi ndivyo anavyopata zaidi. Mtu anayeulizwa kama mti unahitaji kupunguzwa kidogo au kufyekwa ndiye huyo huyo atakayeuza kitakachoanguka.

Thamani ya mbao katika eneo hili si ndogo. Miji ya Elburgon na Molo imeishi kwa viwanda vya mbao kwa miongo mingi. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, wenyeji wengi waliathirika. Ilikuwa mjini Molo, Julai 2023, ambapo Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo.

Uadilifu unadai kwamba fundi atoe ushauri kwanza, kisha mapatano ya magogo yafuate. Na ikiwa magogo ni sehemu ya malipo, thamani yake itajwe waziwazi ili mteja ajue analipa kiasi gani.

Sheria inasemaje?

Kabla msumeno haujawashwa, swali la kwanza ni kama anayeagiza ndiye mwenye mti. Mti ulio kando ya barabara hauwi mali ya mwenye nyumba kwa sababu tu kivuli chake kinaangukia lango lake. Barabara na maeneo ya umma yana wasimamizi wake, wakiwemo serikali ya kaunti na mamlaka za barabara, na fundi anayekata bila idhini yao hawezi kujificha nyuma ya agizo la mteja.

Kuhusu mti wa jirani, kanuni inayotajwa mara nyingi inatokana na kesi ya Uingereza ya Lemmon dhidi ya Webb, iliyoamuliwa mwaka 1894. Mtu anaweza kukata matawi yanayovuka mpaka na kuingia kwake, mradi asiingie katika ardhi ya jirani. Hiyo si ruhusa ya kuvuka ua na kuukata mti wa mwenzake kilele.

Miti iliyo karibu na nyaya za umeme ina utaratibu wake. Sheria ya Kawi ya 2019 inawapa wasambazaji umeme uwezo wa kudai matawi yanayotishia nyaya yapunguzwe. Fundi asiye na mafunzo hafai kupanda mti ulioguswa na waya, hata mteja akimsihi vipi. Kampuni ya Kenya Power iarifiwe kwanza.

Kadhalika kuna usalama wa wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za 2007, zinamtwika mwajiri wajibu kwa wale aliowaajiri. Kijana anayepandishwa juu ya mti bila mshipi wala kofia ngumu ni sehemu ya swali hili la maadili sawa na mti wenyewe.

Juu ya yote, Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali kujitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kinamtaka kila mtu kushirikiana katika kuhifadhi mazingira. Nakuru, mji ambao jina lake huelezwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai linalohusishwa na vumbi, una sababu ya ziada ya kuthamini kila mti unaouvunja upepo.

Pale inapofaa kukata

Ingekuwa upotofu kudai kwamba kilele hakipaswi kukatwa kamwe. Dhoruba ikivunja kilele cha mti nusu, sehemu inayoning’inia lazima iondolewe. Mti uliokwisha kufa waweza kupunguzwa kimo ili ushushwe kwa usalama. Mgrivea wa shambani, kama tulivyoona, una utaratibu wake.

Upo pia mti uliokatwa kilele zamani. Huo hauwezi kuachwa tu, kwa sababu machipukizi yake huongezeka uzito kila mwaka. Fundi mwadilifu atayapunguza kwa awamu, akibakiza yale yenye nguvu, na atamweleza mwenye nyumba kwamba gharama hiyo itamrudia.

Na kuna wakati ambapo ushauri wa kweli ni kuukata mti wote. Mkaratusi mkubwa uliopandwa mita chache kutoka ukutani hautageuka kuwa mti mdogo kwa kukatwa kichwa. Ni heri uondolewe na mahali pake pakapandwa aina isiyokuwa ndefu. Kumwambia mteja hivyo ni uaminifu mkubwa kuliko kumuuzia matumaini ya miaka mitatu.

Fundi aseme nini?

Hatua za kufuata si ngumu. Kwanza, fundi amuulize mteja anachohofia, badala ya kumuuliza akate kiasi gani. Jibu likiwa ni tawi lililo juu ya paa, tawi hilo ndilo liondolewe. Likiwa ni giza, matawi machache ya ndani au ya chini yapunguzwe ili mwanga upite.

Pili, aeleze kwa lugha nyepesi: “Mama, huu mti nikiukata hapa utachipua tena, na matawi yatakayotoka yatakuwa legelege. Baada ya miaka mitatu utaniita tena, na utalipa zaidi.” Maneno hayo machache yanatosha kumpa mteja uwezo wa kuamua akiwa amefumbua macho.

Tatu, atoe njia mbadala pamoja na bei ya kila moja. Nne, mteja akishikilia agizo lake, fundi apime ni nani atakayeumia. Kama mti uko mbali na watu na hasara ni ya mwenyewe peke yake, mafundi wenye nia njema wanaweza kutofautiana, na anayekubali baada ya kueleza ukweli wote hajamdanganya mtu. Lakini ikiwa matawi dhaifu yataning’inia juu ya njia, darasa au nyumba ya watu, jibu liwe hapana.

Wataalamu wa nchi nyingine wamefika hapo hapo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa utunzaji miti, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1924, kimekuwa kikiwaonya wananchi kwa miaka mingi dhidi ya kukata vilele. Hapa nchini elimu haiko mbali. Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) ina kituo Londiani, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. Kinachohitajika ni elimu hiyo kumfikia kijana mwenye msumeno.

Mteja naye ana wajibu

Lawama zote zisiangushiwe fundi. Mwenye nyumba anayechagua bei ya chini kuliko zote bila kuuliza swali hata moja anawaadhibu mafundi waaminifu na kuwatuza wanaonyamaza.

Kabla ya kumkabidhi mtu mti uliochukua nusu karne kukua, mteja aulize mambo manne: utakata wapi na kwa nini, mti utakuwaje baada ya miaka mitano, nani atagharamika mfanyakazi akiumia, na magogo ni ya nani. Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo hafai kupewa kazi hiyo, hata akiwa na msumeno mpya.

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Katika kazi hii, kinachotakiwa ni mazungumzo ya dakika kumi chini ya mti, kabla ya mtu yeyote kuupanda.